Nchi ya Wima na Mnyama Asiyetulia

Kaeni niwasimulie, ila mkishakaa kila mmoja aangalie amekaa wapi. Kisa chenyewe ni cha Shekue, mpiga upinde, mtu aliyekwisha kupigana na wanyama wa kutisha katika nchi saba na akachoka katika zote saba. Hakuchoshwa na wanyama. Mnyama ana tabia yake. Ukimtazama siku mbili tatu utaijua. Kilichomchosha ni watu, na jinsi kila nchi ilivyokuwa na sababu yake nzuri ya kuungua.

Nchi ya nane iliitwa Wima. Alifika asubuhi, na kitu cha kwanza alichokiona ni mawe. Bondeni, chini ya ukuta mrefu, yalikuwapo mawe arobaini yamepangwa mstari mmoja, kila moja limechongwa jina la mtu, na ardhi iliyolizunguka imekuwa nyeusi kama sakafu ya jiko. Shekue akadhani ni makaburi. Akavua kofia.

"Vaa tu," sauti ikamwambia. "Wenyewe wapo hai. Saa hizi wanakunywa kahawa."

Aliyesema alikuwa mwanamke wa makamo, amebeba karai la maji kwa viwiko, maana viganja vyake vilikuwa vimefungwa majani ya mgomba mpaka kwenye kifundo. Jina lake Mashavu, mganga wa vita. Shekue akampokea lile karai, na kwa ajili ya hilo karai akapata pa kulala, kwa kuwa nyumba ya wageni ya Wima haikumpokea mpiga upinde asiye na jiwe.

Walipokuwa wakila, Mashavu akamweleza mila za nchi. Kila mpiga upinde hurithi jiwe la baba yake. Akishapanda juu ya jiwe lake asubuhi ya vita, habanduki mpaka jua lizame. Mishale ni ya aina mbili: mrefu, unaotaka pumzi tatu za kuvuta huku miguu imetulia tuli, na mfupi, ambao mtu anaweza kuufyatua hata akitembea, japo hauingii ndani sana. Wima walipiga mrefu tu. Mfupi waliuita mshale wa mwizi, na karani wa Baraza, aliyeandika majina ya mashujaa kwenye ubao mkubwa sokoni, hakuutambua kabisa.

"Na huyo mnyama wenu," Shekue akauliza, "hutulia?"

"Tandavu?" Mashavu akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kucheka. "Tandavu hajatulia tangu azaliwe. Kila siku ya saba huja bondeni akitaka kupita kwenye chemchemi zetu. Anazunguka, anatema moto. Anautema pale pale anapomwona mpiga upinde, na moto wake hauzimiki mpaka jioni."

"Sasa mtu akisimama juu ya jiwe na moto uko miguuni?"

"Anaungua. Halafu ananiita."

Shekue akaacha kutafuna. Mashavu akanyoosha mikono yake yenye majani, akaieleza kama mtu anavyoeleza chombo cha nyumbani kilichochakaa. Mganga wa Wima huweka viganja juu ya aliyeungua, na moto hutoka kwa mgonjwa ukapita kwa mganga. Mwingi hupotea hewani. Kidogo hubaki. Walikuwa waganga sita. Watano mikono ilikwisha kukunjamana ikakauka kama mizizi, na sasa wanalishwa na ndugu zao.

"Mimi ndiye wa sita," akasema. "Mkunga mmoja mwenye macho mazuri amenitazama. Anasema nina vita viwili. Vya kesho, na vingine."

*

Kesho yake vita vilianza kwa barua. Hilo Shekue hakuwa ameambiwa, labda kwa sababu Mashavu aliona aibu. Wapiga upinde arobaini walipokwisha kupanda mawe yao, na watu wa panga wamekwisha kutawanyika mbele, Tandavu akatokea kwenye korongo la mashariki, mkubwa kama maghala matatu, shingo ndefu, miguu mingi. Karani akapanda jukwaani, akakohoa, akafungua karatasi.

"Kwa Tandavu, bonde la mashariki. Yahusu: kuzunguka kwako kupita kiasi. Rejea barua yetu ya siku saba zilizopita, ambayo hukuijibu. Sisi wapiga upinde wa Wima tunasikitika kukuarifu tena kwamba mwendo wako hauwatendei haki watu wa silaha za mbali, na unawapendelea watu wa panga. Tunakuomba usimame walau pumzi tatu kila baada ya pumzi saba. Tukitarajia ushirikiano wako, tunatanguliza shukrani."

Tandavu akajikuna sikio kwa mguu wa nyuma. Karani akaandika pembeni ya karatasi: imesomwa, na mhusika alikuwapo.

Halafu moto.

Shekue alikuwa kando ya mstari, na kwa muda hakupiga, alitazama tu. Watu wa panga walikuwa wakizunguka na mnyama kama watu wanaocheza ngoma waliyoizoea, huku wakiwatania wenzao wa nyuma: "Nyie wa mawe! Mmeota mizizi?" Tandavu alivuta pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu; kwenye ya nne akainua shingo juu, akatema. Kila mara vile vile. Shingo ilipanda kabla ya moto, na mtu aliyeiona alikuwa na nafasi ya kutosha kupiga hatua mbili na kujifuta jasho.

Hakuna mpiga upinde aliyepiga hatua hata moja. Mbele kabisa, juu ya jiwe la katikati, alisimama Bwana Chambuso, mzee wa ndevu zilizoungua upande mmoja, na nishani kumi na saba za majivu kifuani. Nishani ya majivu hupewa mtu aliyemaliza kuvuta mshale huku akiwaka. Moto ulimfika magotini. Akaendelea kuvuta, pumzi ya pili, pumzi ya tatu, akaachia. Mshale ukapita patupu, kwa kuwa Tandavu alikwisha kuondoka hapo zamani.

"Mganga!" Chambuso akanguruma. "Mganga! Umelala?"

Wote wakaanza. "Mganga, huku!" "Mganga, leo umekula nini?" "Tunakufa na wewe unatembea!" Na Mashavu alikuwa anakimbia kutoka jiwe hadi jiwe, akiruka mabwawa ya moto, akigusa, akikimbia tena.

Shekue naye akapigana. Shingo ilipopanda alisogea hatua mbili akafyatua mshale mfupi. Shingo iliposhuka alisimama akavuta mrefu. Hakuungua. Mchana wapiga upinde walikuwa wamechoka kwa maumivu, bonde lote linawaka huku na huku bila mpango, hakuna pa kukanyaga, na Tandavu, aliyekuwa na mishale michache sana mwilini, akarudi korongoni kwa hiari yake. Wima wakashangilia. Waliita hilo ushindi, kama walivyoliita kwa miaka mingi.

Jioni Shekue alimfungua Mashavu yale majani. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshikana, havikunjuki.

"Wangapi leo?" akauliza.

"Thelathini na wanane. Wengine mara mbili."

Hakulia. Alimwomba amkune mgongo, basi, kwa kuwa ulimwasha na mikono haikufaa.

*

Siku ya pili Shekue aliitwa barazani. Mkuu wa Mstari, Mheshimiwa Kingwaba, alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkasirikia.

"Mgeni, umeonekana mara kumi na tisa nje ya kituo chako."

"Sina kituo, Mheshimiwa."

"Hilo ni kosa la pili. Tutalifikia."

Lakini mtu mmoja wa panga akapaza sauti kutoka nyuma: mishale iliyoonekana mwilini mwa Tandavu ilikuwa ishirini na sita, na kumi na minne ilikuwa na manyoya ya mgeni. Baraza likavuma. Kingwaba akaona ni adabu kumruhusu mgeni ajieleze.

Shekue alikuwa amekwisha kueleza jambo hilo katika nchi saba, na alilieleza tena kama mtu anayepanda ngazi ile ile na mzigo ule ule. "Mnyama hutema kila pumzi ya nne. Kabla hajatema huinua shingo. Ikipanda, sogeeni. Hatua mbili, si kumi; mkikimbia mbali mtapoteza muda wa kurudi. Mnaposogea pigeni mshale mfupi, mkisimama vuteni mrefu. Na msogee pamoja, upande mmoja, kando ya ukuta, ili moto ubaki nyuma yenu. Sasa hivi kila mtu anaungulia pake, ndiyo maana bonde zima linawaka."

Kisha Bwana Chambuso akainuka, nishani zikagongana.

"Kijana. Juu ya jiwe lile nimeachia mishale mirefu kabla baba yako hajaoa. Leo wewe unakuja kunifundisha kukimbia?"

"Kusogea, mzee wangu."

"Kukimbia polepole!"

Baraza likaangua kicheko. Mjadala ukaanza, nao ulidumu mpaka alasiri. Mmoja alitaka kujua kama mguu ulioinuliwa na kurudishwa pale pale umebanduka au haujabanduka. Mwingine alisema kosa si la wapiga upinde, ni la mnyama. Kuna wanyama wa upinde na wanyama wa panga, na huyu ni wa panga, kwa hiyo uungwana ni kungoja mnyama mwingine. Mwingine akasema kama watu wanaungua basi waganga ni wachache, waongezwe. Hakusema watoke wapi. Shekue alikaa kwenye benchi la washitakiwa akahisi usingizi, ule usingizi wa mtu anayejua neno litakalofuata.

Hatimaye Kingwaba akanyoosha mkono. Alikuwa amepata njia ya kumridhisha kila mtu. "Sheria isemayo mpiga upinde asiliache jiwe lake ni tukufu, nasi hatutaigusa," akasema. "Lakini haisemi jiwe likae wapi. Kuanzia sasa mpiga upinde anaruhusiwa kusogea, mradi asogee na jiwe lake."

Wakapiga makofi kwa furaha ya kweli. Kamba zikaagizwa.

Makofi yalipokuwa yakiendelea, Mashavu akasimama mbele ya benchi la wazee. Alikuwa ameyavua majani yote. Makofi yakakatika, maana wengi walikuwa hawajawahi kuiona mikono iliyowaponya ikiwa uchi.

"Hii imebakiwa na siku moja," akasema. "Nanyi mnaniongezea watu wanaoburuta mawe ndani ya moto. Basi sikilizeni. Siku ya saba nitakuwa kando ya ukuta, natembea, mbele ya moto. Atakayeungua anifuate nimguse. Sitakwenda kwenye jiwe la mtu."

"Mama, mganga hana ruhusa ya kuchagua wa kumtibu," Kingwaba akasema kwa upole.

"Sichagui mtu, Mheshimiwa. Nachagua pa kusimama."

"Na mtu akishindwa kuliacha jiwe lake?" Chambuso akauliza.

Mashavu akamgeukia. "Basi limtibu jiwe."

*

Siku ya saba barua ilisomwa, Tandavu akapiga chafya, na wapiga upinde arobaini wakajifunga kamba viunoni.

Lilikuwa jambo la kusikitisha kulitazama. Shingo ilipopanda, watu wale wakavuta kwa nguvu zao zote, mishipa imewatoka, mawe yakasogea upana wa kiganja, na moto ukawashukia wakiwa wameinama, pinde zimetupwa chini kwa kuwa mikono imeshika kamba. Hata mshale mmoja haukupigwa. Siku za kuungua wamesimama, angalau walipiga.

"Mganga!"

Mashavu alikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwao, kando ya ukuta, mahali pasipo moto. Shekue alikuwa karibu naye, aliona kila kitu. Alimwona akiuma ncha ya mtandio. Alimwona akipiga hatua moja kuelekea kwenye mawe, kwa mazoea ya miaka ishirini, kisha akiirudisha ile hatua kama mtu anayejing'oa mwiba. Watu waliokuwa wakiungua walikuwa watu anaowajua. Mmoja alikuwa shemeji yake. Ikiwa angekwenda, angewaponya wote mpaka mchana, na jioni mikono yake ingekuwa mizizi, na siku saba baadaye wangeungua tena pasipo mtu wa kuita.

"Njooni!" akapiga kelele, sauti ikapasuka. "Ni hatua kumi na mbili! Njooni, jamani, njooni!"

Wa kwanza alikuwa Kapera, mwenye jiwe la mwisho mstarini, mtu mnene ambaye jina lake halikuwahi kupanda juu ubaoni. Alikata kamba kwa kisu, akaokota upinde wake, akaja mbio akipiga mayowe, suruali inawaka. Mashavu akamgusa begani kwa mkono mmoja, mara moja.

"Nirudi?" Kapera akauliza, anahema.

"Usirudi. Piga hapo hapo ulipo."

Kapera akapiga. Mshale wake ukaingia shingoni, ukakaa. Akautazama kwa mshangao, akatazama miguu yake, kama mtu aliyeambiwa ana ndugu asiyemjua.

"Shingo inapanda," Shekue akamwambia, akimpa fungu la mishale yake mifupi agawane na watakaofuata. "Mbili kulia. Mfupi!"

Wakasogea wote watatu. Halafu wakawa watano, kisha kumi na mmoja. Kila aliyefika aliguswa mara moja, na kwa sababu kundi lilisogea pamoja, hakukuwa na aliyehitaji kuguswa mara ya pili. Moto ukabaki nyuma yao, pamoja na mawe. Mbele bonde lilikuwa safi kama ua uliofagiwa. Watu wa panga, waliozoea kuona mishale ikipita patupu, wakaanza kupiga vigelegele.

Chambuso alikuja wa mwisho. Hakukata kamba, iliungua yenyewe. Alikuja kwa magoti, ndevu zote zimekwenda, na Mashavu ilimbidi atumie viganja vyote viwili, kwa muda mrefu, mpaka uso wake ukabadilika rangi. Shekue alijua gharama yake bila kuambiwa. Mzee alipoinuka hakushukuru. Aliomba mshale mfupi, kwa kuwa yeye hakuwa nao.

Tandavu alianguka jua likiwa bado juu. Wima hawakuwa na neno la jambo hilo, maana halijawahi kutokea, kwa hiyo walikaa kimya, wakasikia maji ya chemchemi.

*

Ningependa kuwaambia kwamba kisa kimeishia hapo. Lakini Baraza lilikutana siku mbili baadaye, likiwa na nia njema kabisa, kuhakikisha hekima ile haipotei. Mafundi walitumwa kando ya ukuta na ndoo za rangi nyekundu. Kila mahali ambapo mpiga upinde alikanyaga siku ile, pakachorwa nyayo mbili. Sheria mpya ikatangazwa: tangu leo mpiga upinde wa Wima atasogea, na atasogea juu ya nyayo hizi, kwa mpangilio huu, kwenda kulia. Atakayekanyaga pasipo na rangi atashitakiwa. Mganga alichorewa nyayo zake za buluu, na akapewa cheo cha Mtangulizi wa Mstari.

Wiki ya tatu wachunga mbuzi walileta habari za mnyama mwingine. Huyu alikuja kutoka magharibi, chini kwa chini, na alipotokea alitokea penye ukuta.

"Penye ukuta?" Shekue akauliza. Alikuwa amefunga mzigo wake tayari, yupo barazani kuaga tu. "Pale pale mlipochora nyayo?"

"Rangi imeshakauka, mgeni," Kingwaba akajibu, kwa masikitiko. "Na watu wamezizoea."

Shekue akachukua mzigo wake. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi akiwa na mzigo magotini. Aliwaza kuwa hata nchi ya tisa itakuwa na mawe, au rangi, au kitu kingine kizuri cha kufungia mguu, naye ataeleza tena, hatua mbili si kumi, kwa sauti hii hii. Chini yake wapiga upinde walikuwa mazoezini. Walisogea kulia kwa pamoja, mbili, mbili, macho yote yakiwa chini kwenye rangi. Hakuna aliyekuwa akitazama magharibi.

Isipokuwa Mashavu. Alisimama juu ya nyayo zake za buluu, mikono wazi bila majani. Vidole vile viwili havikukunjuka, na kiganja cha kulia kilikuwa na kovu jipya la Chambuso, lakini vinane vilivyobaki vilifanya kazi; asubuhi ile alikuwa amesuka nywele za shemeji yake. Alitazama magharibi kwa muda mrefu. Kisha akashuka kutoka kwenye rangi, akavuka uwanja, akasimama katikati ya mchanga mtupu ambako mnyama wa chini kwa chini angeonekana kabla hajafika.

Karani akapuliza filimbi. Mashavu hakugeuka.

Kapera akatoka mstarini, akaenda kusimama nyuma yake. Karani akaandika majina mawili. Wengine thelathini na tisa wakaendelea, mbili kulia, mbili kulia.

Halafu thelathini na wanane. Bwana Chambuso alikuwa akivuka uwanja kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu, kidevu kitupu, kifua kitupu pia, nishani hakuzivaa. Alipofika mchangani alisimama mbele ya Mashavu akihema.

"Huku hakuna rangi, Bwana Chambuso," Mashavu akamwambia.

"Naona."

"Utajuaje pa kukanyaga?"

"Sitajua. Nitakutazama wewe, na wewe umtazame mnyama." Akafuta jasho kwa kiganja, akaangalia pale alipokuwa amesimama mganga, mahali pazuri penye mchanga mgumu. "Nimechoka kuwa hodari, Mashavu. Hebu sogea kidogo nipate nafasi."

Mashavu akasogea.